Bosi anataka kumpeleka polisi mteja aliyerusha video ya mtindi wetu. Nimwambie nini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni afisa uhusiano wa kampuni ndogo ya maziwa hapa Dar es Salaam, tunauza mtindi wa chupa. Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabata alirusha video kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule anayosoma mtoto wake. Mtoto ameshakunywa nusu chupa na tumbo linamuuma, mama anachungulia mdomo wa chupa anakuta ukungu wa kijani, na tarehe ya mwisho ya matumizi bado siku tisa. Jioni ile ile video ikawa kwenye kurasa mbili kubwa za Instagram. Asubuhi tukatoa Taarifa kwa Umma kwamba bidhaa zetu ni salama na kwamba wapo watu wasioitakia mema kampuni. Mambo yakazidi, watu wengine wakaleta picha zao, tukafunga komenti. Sasa bosi anataka tumpeleke yule mama polisi, halafu tulipe watu maarufu watuposti vizuri. Anasema wa mitandaoni watasahau wiki ijayo. Ninachojua mimi ni kwamba maduka mengi tunayoyauzia yanazima friji usiku. Je, makundi haya yana nguvu kweli ya kuilazimisha kampuni ibadili inavyojieleza, au tunayapa kichwa tu? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa msala huo.

Nianze na bosi wako, maana nusu ya anachosema ni kweli. Watu watasahau. Wiki ijayo kutakuwa na msanii kaachana na mpenzi wake, au Simba na Yanga watakuwa wamechokozana, na mtindi wenu utazama chini kabisa. Ila wanaosahau ni wale waliokuwa wanapita tu: wameweka emoji ya kutapika, wamemtag rafiki, wameendelea na safari. Wengi wao hata hawajawahi kununua mtindi wenu. Wateja wenu wako kwenye lile kundi la wazazi, lenye watu hamsini au sitini wanaokutana getini kila asubuhi, wanaojuana majina ya watoto, wanaochangiana misiba. Hao hawasahau. Miezi minne ijayo mzazi mmoja atauliza pale "jamani mtindi gani mzuri kwa mtoto?" na jibu litatoka hapo hapo kabla hujajua kama swali limeulizwa.

Kwa hiyo kama bosi anatetemeka kwa ajili ya kurasa za udaku, mwambie anaogopa sehemu ambayo si ya kuogopwa. Ukurasa mkubwa ni kelele. Kundi dogo ndilo lenye wateja.

Sasa nguvu yenyewe. Watu wengi wa kazi yetu wanadhani nguvu ya makundi haya ni kusambaza. Kusambaza ni sehemu tu, tena siku hizi kuna breki: WhatsApp tangu Januari 2019 inamruhusu mtu kuforwadi ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe ulioforwadiwa mara nyingi unapita kwa mmoja mmoja. Nguvu kubwa iko kwenye kulinganisha. Zamani mtu aliyekuta ukungu kwenye chupa alirudi dukani, akagombana na muuzaji, akarudishiwa hela au asirudishiwe, yakaisha. Wa Kimara hakujua kwamba wa Mbagala naye yamemkuta. Leo anajua ndani ya saa moja. Video moja ni bahati mbaya. Ikija picha ya pili, na ya tatu, tena tarehe za chupa zinakaribiana, hapo wateja wameshafanya kazi ambayo idara yenu ya ubora ilipaswa kuifanya.

Angalia mlivyoisukuma wenyewe. Ile Taarifa kwa Umma ilimwita yule mama mwongo bila kumtaja. Watu waliomwamini wakaenda kufungua friji zao kutafuta ushahidi wa kumtetea. Wangekuwa hawajaambiwa kitu, nusu yao wasingefungua.

Hili si jambo la juzi, wala halikuanzia kwenye Instagram. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1994, wakati hapa kwetu intaneti ilikuwa habari ya kusikia. Kampuni ya Intel ilikuwa imetoa chipu yake ya Pentium, ule ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu. Mwalimu wa hisabati wa chuo kimoja huko Virginia, Thomas Nicely, akagundua kwamba chipu hiyo inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Akaiuliza Intel, hakupata la maana, na Oktoba 30 akawaandikia barua pepe wenzake. Ndani ya siku chache jambo likawa kwenye makundi ya majadiliano ya wataalamu wa kompyuta. Na hapo ndipo panaponivutia mimi. Mhandisi mmoja aitwaye Tim Coe alichimba hadi akapata hesabu ambayo mtu yeyote angeweza kuijaribu nyumbani kwake: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.33382. Pentium yenye kasoro ilitoa 1.33373.

Basi. Hapo hakuna tena cha kubishana. Mwenye kompyuta anakaa mezani, anaandika namba mbili, anaona mwenyewe.

Intel ikajibu kama bosi wako anavyotaka kujibu. Ilisema mtumiaji wa kawaida atakutana na kosa hilo mara moja katika miaka 27,000, na kwamba itabadilisha chipu kwa mteja atakayeeleza kwa nini kazi zake zinahitaji usahihi huo. Yaani wewe uliyeuziwa kitu kibovu, piga simu, jieleze, sisi tutaamua kama unastahili. Mkuu wa kampuni, Andy Grove, aliandika maelezo yake mwishoni mwa Novemba kwenye kundi lile lile la majadiliano, lakini ujumbe ulipitia akaunti ya mfanyakazi wake, watu wakaanza kuuliza kama kweli ni yeye. Desemba 12 kampuni ya IBM ikasimamisha kuuza kompyuta zenye chipu hiyo, na yenyewe ikasema kwa mtumiaji wa kazi fulani kosa lingeweza kutokea kila baada ya siku 24. Desemba 20 Intel ikaomba radhi na kuahidi kubadilisha chipu kwa kila anayetaka, bila maswali. Gharama waliyoitangaza ilikuwa dola milioni 475.

Soma tena mfuatano huo ukiwa na bosi wako. Miaka 27,000 inaweza kuwa ilipigwa kwa hesabu halali kabisa. Haikusaidia kitu, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na jambo linaloweza kupimwa na kila mtu, na Intel ilikuwa na maelezo tu. Ninyi mko hapo hapo. Yule mama ana chupa. Ninyi mna karatasi yenye nembo juu na muhuri chini.

Bosi atasema hayo ni ya Marekani. Mkumbushe Aprili 2021, bando za simu zilipopanda bei ghafla: mitandao iliwaka, na Serikali ikasitisha mabadiliko hayo. Au mwambie avuke mpaka. Julai 2015 CNN iliiita Kenya kitovu cha ugaidi wakati Rais Obama anakaribia kutua Nairobi, Wakenya wakaivaa kwenye Twitter, na mwezi uliofuata mkubwa mmoja wa shirika hilo akapanda ndege kwenda Nairobi kuomba radhi ana kwa ana. Shirika la habari la dunia nzima, na halikuweza kukaa kimya. Kampuni ya mtindi ya Dar itakaaje?

Turudi kwenye tamko lenu, maana ndilo linalopaswa kufa kwanza. Nimeyasoma mengi ya namna hiyo na yanafanana kama yametoka kwa fundi mmoja: "Uongozi umesikitishwa na taarifa zinazosambaa", "bidhaa zetu zinakidhi viwango vyote", "tunawataka wananchi kuzipuuza". Hakuna sentensi hata moja hapo ambayo mama wa Tabata anaweza kuisoma kisha akageukia chupa yake na kukagua kitu. Na neno "kuzipuuza" kumwambia mzazi ambaye mwanaye anaumwa tumbo ni kuomba ugomvi.

Lililoandikwa kwa watu wa makundi linaweza kuwa hivi, mradi kila lililomo liwe kweli:

"Jumanne tuliona video ya chupa ya mtindi wetu wa nusu lita yenye ukungu, iliyonunuliwa Tabata. Mtoto aliyeunywa aliumwa tumbo. Tumezungumza na mama yake na tumemwomba radhi. Chupa hiyo ni ya bechi (mzigo uliotengenezwa kwa mkupuo mmoja) namba fulani, iliyotengenezwa tarehe fulani. Tumesimamisha kuuza bechi hiyo yote na tumepeleka sampuli maabara. Hatujajua bado kama tatizo limeanzia kiwandani au baada ya mtindi kutoka kiwandani. Kama una chupa yenye namba hiyo, usiinywe, irudishe dukani ulikoinunua, utapewa hela yako hata kama umeshaifungua. Kesho saa kumi jioni tutaeleza hapa hapa tulipofikia, hata kama majibu yatakuwa hayajatoka."

Ona kilichomo: namba ya bechi ambayo mtu ataikagua kwenye chupa yake, kitu cha kufanya, na saa ya kurudi. Ile saa kumi ni ya muhimu kuliko mnavyodhani. Watu wakijua kesho saa kumi kuna jambo, mtu wa kundini anayeulizwa "vipi wale wa mtindi?" anakuwa na cha kujibu. Wasipojua, kila mmoja anajaza pengo kwa kichwa chake, na vichwa vya mjini hapa havikosi cha kujazia. Ila ukiahidi saa kumi, saa kumi na nusu tayari umechelewa.

Namba ya bechi ina kazi nyingine, na hapa naomba ubadilishe kidogo unavyowaangalia hao watu. Mwaka 2009 wafanyakazi wawili wa Domino's, kampuni ya piza huko Marekani, walijirekodi wakichezea chakula cha wateja kwa namna ya kutia kinyaa, wakaiweka YouTube. Kampuni haikujua hata ni duka gani kati ya maelfu yake. Waliolipata duka ni wasomaji wa tovuti moja ya kutetea walaji: walichunguza vilivyoonekana nyuma kwenye video, wakalinganisha na ramani, wakasema ni mji wa Conover, North Carolina. Wakaipa kampuni jina la mahali. Watu wale wale wenye hasira ndio waliokuwa wapelelezi wake.

Wateja wenu wangefanya hivyo hivyo mkiwaomba. Kila picha waliyoweka kabla hamjafunga komenti ilikuwa na habari: tarehe, duka, mtaa, chupa ilikuwa imevimba au haikuvimba. Mngeweka zote kwenye daftari moja mngejua kwa mchana mmoja kama tatizo ni la bechi moja, basi kiwanda kina kesi, au ni la bechi nyingi lakini mitaa ile ile, basi angalia gari la kusambazia na maduka. Mlikuwa na ramani ya tatizo lenu, bure, mkaifungia mlango. Fungueni komenti leo. Kampuni ya vyakula ya Nestlé mwaka 2010 iliondolesha YouTube video ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, iliyowashambulia kuhusu mafuta ya mawese, kisha msimamizi wa ukurasa wao wa Facebook akaanza kuwajibu watu kwa kejeli na kuwatishia kufuta posti zao. Video ikawekwa kwingine na ikatafutwa zaidi, na ukurasa ukajaa watu waliokuja kuangalia ugomvi tu. Futa matusi na namba za simu za watu. Malalamiko yaache yasomeke, yajibu.

Hilo la Domino's lina kipande kingine. Rais wa kampuni kwa upande wa Marekani alitoa video ya kuomba radhi, jambo zuri, ila ilichukua kama siku mbili, na alipozungumza macho yake hayakuwa kwenye kamera, yalikuwa pembeni anakosoma. Watu waliliona. Mkurugenzi wenu akikubali kurekodiwa, na ningependa akubali, mwambie ashike chupa, ataje namba, aongee Kiswahili chake cha siku zote, dakika moja, bila muziki. Akianza na "tunapenda kuuhabarisha umma" zima kamera.

Yule mama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa mtu anayechapisha taarifa huku akijua ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kuchafua au kuhadaa. Adhabu yake ni nzito: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ndiyo maana mabosi wanaipenda. Lakini rudia maneno hayo: akijua ni za uongo. Huyu amerekodi alichokiona mkononi mwake. Mimi si wakili, mwulizeni wakili wenu, ila mwulizeni pia kama yuko tayari kesi isomwe wakati chupa imewekwa mezani kama kielelezo na tarehe zake zinaonekana. Achilia mahakama. Siku atakayoitwa kituoni, lile kundi la wazazi litachanga nauli na wakili, na habari yenu itahama kutoka kwenye ukungu kwenda kwa "kampuni iliyomkamata mama wa mtoto mgonjwa". Ukungu unasafishika.

Tena msimtaje jina wala msiweke namba yake ya simu popote, hata mkidhani mnathibitisha kwamba mmempigia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Mtageuka washitakiwa ninyi.

Kuhusu kulipa watu maarufu, nitakuwa mfupi. Mji huu unawajua chawa, wale wasifiaji wa kulipwa. Mtu aliyekuwa anatangaza sabuni Jumatatu akiibuka Jumatano na mtindi wako mkononi, akiwa hajawahi kuugusa, komenti ya kwanza itakuwa "amelipwa bei gani huyu". Hela hiyo ipelekeni kwenye kurudishia watu fedha zao dukani. Mteja aliyerudishiwa hela yake bila kubishiwa ataliandika hilo kwenye kundi lake, bila kulipwa.

Sasa nije kwenye friji, maana barua yako yote nimeisoma nikisubiri hapo.

Umeandika sentensi moja tu kuhusu jambo hilo, kama mtu anayeogopa kulisema kwa sauti. Mangi, mwenye duka la mtaani, anazima friji usiku kwa sababu uniti za umeme wa LUKU ni zake na faida kwenye chupa moja ya mtindi wenu ni ndogo. Kwake hesabu ni nyepesi: duka limefungwa saa nne, hakuna mteja, friji ya nini? Asubuhi saa kumi na mbili anaiwasha, saa tatu chupa zimepoa, mteja akishika anaona baridi. Yeye hajamdanganya mtu. Lakini mtindi umekaa saa nane kwenye joto la Dar, usiku baada ya usiku. Na tarehe iliyochapwa kwenye chupa yenu ilikadiriwa kwa friji inayowaka saa 24. Kwa hiyo zile siku tisa zilizobaki zilikuwa za kweli kiwandani na za uongo Tabata. Kama mambo ndivyo yalivyo, na nasema kama, hamna tatizo la mawasiliano. Mna tatizo la mtindi, ambalo idara ya mawasiliano imetupiwa.

Lithibitishe kabla hujalisema. Chukueni vipimajoto vidogo vile vinavyohifadhi kumbukumbu, ficheni kimoja kimoja kati ya chupa kwenye maduka kadhaa ya Tabata, Kimara na kwingineko, kwa ruhusa ya wenye maduka, vikae siku tatu nne. Mtindi unataka nyuzi 4 hivi. Mkikuta usiku inapanda hadi 25, hiyo ndiyo habari mnayopaswa kumpelekea bosi, na itamshinda nguvu kuliko mimi.

Halafu, hata mkiithibitisha, msithubutu kuandika kwamba kosa ni la wenye maduka. Kishawishi kitakuwa kikubwa, kwa sababu kitakuwa kweli kwa nusu. Lakini mteja wenu hajawahi kukanyaga kiwandani, anawajua kupitia dirisha la Mangi. Mkimchafua Mangi, atamweleza upande wake kila mtu anayekuja kununua vocha, na wauza maduka nao wana makundi yao ya WhatsApp, wanaambiana bidhaa ipi ina usumbufu. Bila hata kugoma wataacha kuagiza. Mwaka 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai, hela ile ilikuwa inakwenda Serikalini, ila anayetoa hela alimfokea wakala aliyekuwa mbele yake. Hasira inamkuta aliye karibu, na nyie mtakuwa mmemwonyesha njia.

Semeni upande wenu tu: "Tumegundua mtindi wetu ulikuwa unakaa kwenye joto baada ya kufika mikononi mwa wauzaji, na sisi hatukuwa tumeweka utaratibu wa kulizuia hilo. Kuanzia sasa tunapeleka chupa chache kila baada ya siku mbili, tumepunguza muda wa matumizi, na chupa ambazo hazijauzwa tunazichukua wenyewe." Kama kweli mmeamua hivyo. Kama bosi hajakubali kuchukua chupa zilizobaki, msiandike, kwa sababu Mangi atasoma na ataulizwa na wateja, na jibu lake litafika kwenye kundi kabla ya chai ya saa nne. Hapa ndipo utaona makundi haya yanavyoibadili kazi yetu kweli kweli: afisa uhusiano anajikuta ameketi kikao cha usambazaji akibishania ratiba ya magari.

Nikuonye na upande wa pili, nisije nikaonekana nasema kundi halikosei. Hukosea, tena vibaya. Desemba 2016 huko Nigeria forodha walikamata magunia ya mchele wakisema ni wa plastiki, na uvumi wa mchele wa plastiki ulikuwa umeshazagaa kwenye simu za Afrika nzima. Maabara ilipopima, ulikuwa mchele. Ila ulikuwa na bakteria kupita kiwango. Mwenye mzigo angeshangilia kwamba uvumi umekufa, angeshangiliaje mchele usiofaa kuliwa? Kwa hiyo likija dai la ajabu, kwamba mnatia gundi kwenye mtindi, msilicheke. Pimeni, tangazeni mlichopima na nani amepima. Na mpimaji asiwe ninyi peke yenu. Usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, ulipotoka kwa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kwa maziwa kuna Bodi ya Maziwa. Waarifuni wenyewe kabla hawajawafikia kwa taarifa za Instagram. Mkaguzi aliyeitwa na mkaguzi aliyekuja kwa kushtukia hawaingii getini kwa sura moja.

Utayajuaje yanayosemwa ndani ya makundi usiyokuwamo? Hutayajua kwa programu yoyote. WhatsApp haichunguliki, na X (Twitter ya zamani) ilipozuiwa nchini Mei 2025, mlalamikaji asiye na VPN, programu ya kukwepa kizuizi, alibaki na Instagram, TikTok na makundi ya simu. Ulichonacho ni wafanyakazi wenu. Dereva ana kundi la mtaa, mama wa usafi ana kikoba, mhasibu ana jumuiya. Waambie wazi: mkisikia chochote, nileteeni, hakuna atakayeulizwa kwa nini yumo kwenye kundi hilo. Usiwatume kutetea kampuni humo, wataonekana wamepandikizwa na watapoteza heshima yao bure. Wakiulizwa, wajibu wanachokijua. Na chochote mtakachowaandikia wafanyakazi, andikeni mkijua kitavuja. Mwaka 2017, abiria David Dao alipoburutwa nje ya ndege ya United mjini Chicago, barua ya mkuu wa shirika kwa wafanyakazi iliyomwita abiria huyo mkorofi ilikuwa hadharani siku ya pili, na radhi aliyokuja kuiomba baadaye ikawa inasomwa pamoja na barua ile. Kwenye kampuni yenu skrinshoti ya kundi la wafanyakazi itachukua dakika tano.

Ukikaa na bosi, usianze na maneno yangu. Anza na daftari la zile picha, bechi na mitaa, halafu vipimo vya friji, halafu gharama ya kurudishia watu hela za bechi moja ukiilinganisha na wiki mbili za kutouza Tabata nzima. Watu wa hesabu husikia hesabu. Akikataa yote, mwombe jambo moja tu, la kumpigia simu yule mama. Apige yeye mwenyewe, bila wakili pembeni, aulize mtoto anaendeleaje, alipe matibabu kama yalikuwepo, na asimwombe afute video. Akiombwa kufuta, ombi lenyewe litakuwa video ya pili.

Majibu ya maabara yakitoka, yeye ndiye awe wa kwanza kuyasikia, kwa simu, kabla hujayaposti popote. Atayapeleka kwenye lile kundi la wazazi kwa maneno yake. Yakionyesha kosa lilikuwa la kiwanda, mwambie hivyo hivyo.